Uzi wa Sare ya Kwaya

Kila asubuhi, kabla hajauza hata kifungo, mama mwenye duka la vitambaa pale Runzewe alifunika jicho moja kwa kiganja, akatazama bango la duka la dawa ng'ambo ya barabara, kisha akafunika la pili. Paskalina, fundi cherehani aliyeshonea barazani kwake, aliijua sababu. Ulikuwa ugonjwa wa nadra: kinga ya mwili wake mwenyewe iliyashambulia macho kwa ndani, na rangi zilikuwa zikififia. Vidonge vya kuituliza vilimvimbisha uso, lakini daktari alimwonya kwamba akivipunguza mapema atapofuka. "Mama, umenawiri! Mashavu ya dhahabu hayo!" wachimbaji wa dhahabu wa pale walimtania. Alicheka nao, huku akimkwepa kila aliyekohoa, maana vidonge vilimpunguzia nguvu za kupambana na magonjwa, na vidole vyake vikipapasa majora ya vitambaa kama anayetafuta mtoto gizani.

Jioni ya kuamkia safari ya mama ya kliniki Mwanza, Paskalina alimwomba uzi wa kijani wa sare ya kwaya. Mama alisimama mbele ya rafu kitambo kirefu, akatoa wa buluu.

"Ni kijani huu, mwanangu?"

Paskalina aliutazama uso ule uliojaa hofu, na huruma ikamtangulia akili. "Kijani kabisa, mama."

Mama akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Basi macho yamepona. Kesho namwambia daktari anipunguzie vidonge."