Upande wa Kushoto wa Harusi ya Donata

Kuna harufu mbili ambazo kila moja ikiwa peke yake hainisumbui: petroli, na buni iliyoanikwa juani. Zikikutana, hasira hunipanda kabla sijajua nimemkasirikia nani. Zilikutana nyuma ya ghala la Bwana Kaijage, mnunuzi wa kahawa pale Kamuli, mahali jenereta lake lilipounguruma kila Jumapili baada ya misa, pembeni ya mikeka ya kahawa yetu sisi wote. Alikuwa mtu wa Muleba, tajiri kwa kipimo cha kijiji, mwenye nyumba ya saruji na sebule iliyoingia watu wengi kuliko darasa letu. Madirishani alikuwa akitundika mablanketi ili giza liingie mchana, na sisi watoto tukikaa sakafuni tumebanana, tukinukiana jasho na moshi wa kuni, macho yote kwenye televisheni yake. Lilikuwa dude zito lenye mgongo mkubwa na uso wa karibu mraba, limewekwa juu ya kabati, deki ya video chini yake, na kitambaa cha kufuma juu kwa ajili ya heshima. Kwetu, miaka ile ya tisini, nyumba yenye televisheni ilisalimiwa kwa sauti ya chini.

Sisi hatukuwa watu wa kusalimiwa kwa sauti ya chini. Babu yangu alivuka kutoka upande wa Rwanda akiwa kibarua wa kulima, na ingawa Baba alizaliwa hukuhuku na shamba lake la migomba na kahawa lilikuwa Nyakatuntu, bado kulikuwa na midomo iliyotuita wakuja. Ndiyo maana dada yangu Donata alipochumbiwa na Fidelis, mtoto wa kwanza wa Kaijage, watu walitushangaa kuliko walivyotupongeza. Kaijage mwenyewe aliikubali ndoa ile kwa shingo upande. Hakuwahi kusema neno baya, hilo nakiri, lakini Baba akimwita "mzee mkwe", yeye alimjibu kwa jina lake la ubatizo, jina tupu, vilevile alivyowaita wapakia magunia wake. Baba alicheka tu. Alikuwa na kahawa ya kuuza, na mnunuzi alikuwa mmoja. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Harusi ilifanyika kiangazi. Kulikuwa na mgeni parokiani, kijana wa Kizungu aliyekuja kumtembelea padre, naye alikuwa na kamera ndogo mpya ambayo, kama tulivyokuja kuelewa baadaye, ilichukua picha pana kuliko televisheni zetu. Aliomba kuja, akakaribishwa, akanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kutoka kwenye kibuyu mpaka masikio yakawa mekundu, na siku nzima alizunguka uani akitupiga picha bila kuchagua: wazee, kuku, wapishi, na watoto wa jirani waliokuwa wakigombania ukoko. Alipoondoka aliahidi kutuma kanda. Hakuna aliyeamini. Mvua za vuli zilipoanza, Mama akaugua, akalazwa, akarudishwa nyumbani, na kabla maharage hayajatoa maua tukamzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba yake mwenyewe. Sina haja ya kusimulia ugonjwa ule. Hatukuwa na picha yake hata moja. Mpiga picha alikuwa akipita siku za mnada, na Mama kila mara alisema ngoja tuuze kahawa kwanza, halafu kahawa ikiuzwa ilikuwa na kazi nyingine. Nilikuwa na miaka kumi, na kabla ya Krismasi nilikuwa nimeanza kuusahau uso wake. Nilikuwa nikifumba macho na kuyaita macho yake, yanakuja. Nikiita mdomo, macho yanaondoka. Jambo hilo lilinitisha kuliko kaburi.

Basi kanda ikafika. Padre aliikabidhi kwa Kaijage, kwa kuwa ndiye mwenye deki, na Jumapili iliyofuata tukajazana sebuleni. Picha ilipotokea watu wakaguna. Kioo hakikujaa. Juu kulikuwa na ukanda mweusi na chini ukanda mweusi, na harusi yenyewe ikapita katikati, ndefu na nyembamba, watu wadogo kama punje za mtama. "Mbona wameifunga bandeji?" mtu mmoja akauliza, chumba kikacheka. Kaijage hakucheka. Alisimama akapiga televisheni ubavuni kwa kofi, akazungusha vitufe, akaizima na kuiwasha. Weusi ukabaki palepale. Aliona kana kwamba ameibiwa kioo chake mbele ya wageni.

Mimi weusi ule sikuujali, kwa sababu ilifika sehemu ya kuaga. Hapa lazima niseme desturi, maana bila desturi hii kisa hiki hakina kichwa wala miguu. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mkono, hawali chombo kimoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Heshima si utumwa, na Mama aliishika heshima hiyo kwa mikono miwili. Kwa hiyo siku ile, bwana harusi na wazee wake wakiwa wameketi upande wa kulia wa ua, chini ya turubai, Mama alisimama mbali kabisa upande wa kushoto, migomba inapoanzia, amejifunika kitenge kichwani, amegeuka nusu. Katikati yao ulikuwa ua mtupu. Kamera ya yule kijana iliwameza wote kwa pamoja. Donata akatoka mbele ya wakwe, akatembea taratibu, akapiga magoti akielekea kushoto. Mama akafuta macho kwa pindo la kitenge, akasema neno ambalo kamera haikulisikia, kisha akapunga mkono kumwambia inuka, nenda. Uso wake wote ulionekana, macho na mdomo kwa pamoja.  Baba, aliyekuwa nyuma yangu kwenye benchi, akanishika bega na kusema, "Mwone mama yako." Nilimwona. Ilikuwa muda wa kuvuta pumzi na kuitoa.

Nilitoka pale nikiwa tajiri kuliko Kaijage. Nilijua kwamba uso wa Mama upo, umehifadhiwa ndani ya kile kisanduku cheusi cha plastiki, na kila Jumapili jenereta likiwashwa naweza kuomba. Utoto una ujinga wake mtamu. Sikujua kwamba Kaijage hakulala vizuri kwa ajili ya ile mikanda miwili myeusi. Wiki ile ile aliichukua kanda, akamchukua na Fidelis, wakapanda gari la kahawa hadi Bukoba kwa fundi wa video, ili harusi ya mwanawe ijae kioo kama vitu vya watu wengine vinavyojaa.

Yaliyotokea kwa fundi niliyapata kwa Donata, naye aliyapata kwa mumewe. Fundi aliwaeleza ukweli: picha ni pana, kioo ni cha mraba. Ukitaka weusi utoke, lazima picha ikuzwe, na ikikuzwa pembeni zinamwagika nje. Kwa hiyo kila mahali atachagua kipande cha kubakiza, kushoto, katikati au kulia, kisha atarekodi upya kwenye kanda nyingine. Wakaanza. Kanisani hapakuwa na shida, maharusi walikuwa katikati. Kwenye ngoma hapakuwa na shida. Walipofika kwenye kuaga, fundi akasimamisha picha akauliza, "Hapa nibakize upande gani? Kulia kuna wazee, kushoto kuna wanawake." Kaijage akamgeukia mwanawe. "Huko kushoto kuna mtu wa maana?"

Fidelis alikuwa ameinamisha kichwa. Mama mkwe alikuwa kwenye kioo, amesimama mbele yake uso wazi, na yeye kama mkwe mwenye adabu alitazama sakafu. Alikuwa amefanya hivyohivyo siku ya kwanza pale sebuleni, macho magotini mpaka sehemu ile ipite. Hakuwa amewahi kumwona Mama kwenye picha ile wala popote pengine. Alikuwa akiinamia kivuli cha marehemu. Na kumtaja mama mkwe mbele ya baba yake na fundi wa mjini ulimi haukukubali. Akanyamaza. Kaijage akauchukua ule ukimya kuwa ndiyo jibu. "Basi lete huku kulia, kwa wazee," akasema. Fundi akaleta kulia.

Nimemchukia Fidelis miaka mingi kwa ajili ya adabu yake. Nimejaribu kumsamehe, na huwa nafanikiwa mpaka nimwone. Angeinua macho mara moja tu. Lakini najua pia kwamba angeinua, Mama mwenyewe angekuwa wa kwanza kumwona hana malezi.

Jumapili ya kanda mpya kioo kilijaa mpaka kwenye kingo, na watu wakapiga makofi. Kaijage alikaa kwenye kochi lake akipokea pongezi. Mimi nilikuwa nimejipenyeza mbele kabisa, magoti yangu yakigusa kabati, nikingoja. Wazee wakatokea chini ya turubai, wakubwa, kofia ya Kaijage imekaa katikati ya kioo. Donata akatoka mbele yao, akatembea hadi ukingo wa televisheni, akapiga magoti. Hapakuwa na mtu. Alikuwa ameuelekea ubao wa televisheni, anaongea na ubao, machozi yanamtoka. Mtoto mmoja nyuma yangu akasema, "Anakiamkia kitufe!" na sebule nzima ikapasuka kwa kicheko. Watu wazima pia walicheka, tena wengine walikuwa wamemzika Mama. Nilisogea nikachungulia ubavuni mwa televisheni, kati ya kabati na ukuta, nikidhani labda kwa namna fulani yumo huko. Kulikuwa na waya na vumbi. Donata, ambaye sasa alikuwa mke wa nyumba ile na ndiye aliyekuwa akitupitishia karanga, aliweka sinia chini akaingia jikoni. Baba alikwisha toka nje.

Kesho yake Baba alinichukua tukaenda kwa Kaijage. Alivaa koti lake la kanisani. Kaijage alikuwa ghalani akipima, na hakuacha kupima.

"Shikamoo mzee mkwe," Baba akasema, ingawa umri wao ulikuwa mmoja.

"Marahaba. Sema, Yohana."

"Waitu, mzee wangu, nilikuwa naomba ile kanda ya kwanza. Ile yenye weusi. Kuna mahali mama watoto anaonekana."

Kaijage alifikiri kidogo, na naamini hakuwa na nia mbaya, jambo ambalo ndilo linaloniuma zaidi. "Ile? Ile fundi alibaki nayo. Kanda siku hizi hazipatikani, amesharekodia mpira." Halafu akaona koti la Baba, akaongeza kwa upole, "Lakini kuna kilichopungua? Bibi harusi yumo. Bwana harusi yumo. Wazee wote wamo."

Nilimtazama Baba. Nilingoja aseme. Nilingoja apige ile mizani teke. Nilikuwa mtoto, sikujua kwamba magunia yetu mawili yalikuwa pale ukutani yakingoja zamu. Akasema, "Asante, mzee," tukaanza kurudi nyumbani. Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo alivyoniambia tulipofika kwenye kijito, na mimi nikamjibu kwamba haya hayakumwagika, yamemwagwa. Hakunikaripia. Padre aliandika kwa yule kijana mara mbili kumwomba nakala nyingine. Kijana alikuwa amehama, na majibu hayakuja.

Siku hizi naishi Kayanga, nina televisheni pana na nyembamba inayoning'inia ukutani, na mtoto yeyote anajua habari ya upana wa picha ambayo fundi wa Bukoba aliieleza kwa shida. Kaijage alishakufa, Baba naye pia. Mwaka jana binti wa Donata, msichana wa chuo mwenye haraka na moyo mzuri, aliipeleka ile kanda ya harusi ikahamishiwe kwenye flashi, akaja nayo kwangu pamoja na mama yake, kama zawadi. Aliichomeka. Na kwa kuwa picha ile sasa ni mraba na kioo ni kipana, harusi ilitokea imekaa katikati, na kushoto na kulia kukawa na weusi mtupu, kutoka juu hadi chini.

"Ngoja niijaze, mama mdogo," akasema, akabonyeza rimoti. Wazee wote wakanenepa, kofia ya babu yake ikawa sinia. Nikamwambia airudishe ilivyokuwa, kwa sauti kali kuliko nilivyokusudia, akairudisha. Donata wa miaka ishirini akatoka kwa wakwe, akatembea, akapiga magoti akiutazama ukuta mweusi.

"Hapo mama unampigia nani magoti?" binti akauliza. Donata wa sasa, mwenye mvi, akafuta macho kwa pindo la kitenge. Nikainuka, nikaweka kiganja changu juu ya ule weusi wa kushoto, mahali migomba ingeanzia. Kioo kilikuwa na joto.

"Bibi yako alikuwa hapa," nikamwambia. Siku hizi nafasi ya kumtosha tunayo, tena imebaki.