Mgomba wa Mdogo Wangu

Kwetu Kasongo, kitovu cha mtoto kikikatika kinazikwa chini ya mgomba. Cha mdogo wangu kilizikwa chini ya mgomba wa kando ya barabara. Alikufa kabla hajaanza kutembea, mgomba ukabaki.

Kampuni ya kwanza ya intaneti ilipochimba mtaro wa waya, iliung'oa. Mama alichukua chipukizi lake, akalipanda hatua chache kutoka pale, mtoto asikose mahali. Likakua.

Kisha kampuni ya pili ikaja kuchimba mtaro wake, nao ulielekea palepale.

Mama akawaambia wachimbaji: "Wanangu, si mupitishe waya yenu mu shimo ya wenzenu? Iko hapa."

"Ile ni ya wapinzani, mama. Hawawezi kutukubalia," mmoja akajibu. "Ndizi iko mingi Kasongo, utapanda ingine. Kampuni ya tatu itakuja kuikata!"

Wenzake wakacheka. Mgomba ukaanguka.

Safari hii hakutafuta chipukizi. Alikata majani ya mgomba ule, akayapitisha motoni, akafungia samaki. Tulikula. Mama akauliza kama chumvi inatosha, nikasema inatosha.