Usiku Ambao Mama Hakusikia

Jana umeme ulikatika, jirani akawasha koroboi, na harufu ya mafuta ya taa ikanirudisha kwenye nyumba yetu ya kijiji cha ujamaa, huko bondeni upande wa Makanya. Tulikuwa tumeshuka kutoka kwetu Suji, mlimani, miezi michache tu iliyopita, na mdogo wangu wa miaka minne akaanza kupiga kelele usingizini. Alikuwa anakaa kitandani macho wazi, jasho linamtoka, asimtambue hata mama.

Mara ya kwanza nilimtikisa, akazidi kulia. Mama akanishika mkono.

"Usimwamshe. Hapo bado amelala. Kaa naye tu, uongee polepole mpaka atulie."

Mama alifanya hivyo kila usiku, na alfajiri alikwenda shamba la kijiji. Usiku mmoja kelele zilianza, naye hakuamka. Alikuwa amelala na nguo za shambani, miguu ina vumbi. Nilimwita mara moja, halafu nikaacha.

Nikaketi karibu na mdogo wangu, nikamsimulia kwa Kipare habari za nyumbani mlimani: mfereji wa maji, migomba, baridi ya asubuhi. Baada ya muda mrefu akalegea, akalala mapajani kwangu. Sikuthubutu kusogea.

Kulipopambazuka mama alishtuka, akatuona.

"Alilia?"

"Kidogo tu, mama."

"Mbona hukuniamsha?"

Nikaitazama miguu yake yenye vumbi. Akajifunika uso kwa khanga, akakaa hivyo hivyo mpaka kengele ya kuitia watu shambani ilipogongwa.