Bibi wa Dirishani

Dona Felismina alipika matumbo kwa maharage mtaani kwetu Miragaia, mjini Porto, Ureno, tangu mumewe akiwa hai. Wapakizi wa bandarini walikula kwake wamesimama, na aliyelalamika chumvi haijakolea aliambiwa aifuate baharini. Kesho yake alirudi na sahani yake mkononi.

Magoti yalipomshinda, akamwachia mkwewe Valdemar funguo za mgahawa. Valdemar alikuwa muuza vigae vya bafuni, mtu wa kuunguza hata maji ya chai. Kwa vile watalii walikuwa wamejaa mtaani kama siafu, akatundika kibao: Jiko la Bibi. Akaning'iniza nyavu ambazo hazijawahi kulowa. Akanunua mnadani picha za wazee wa watu, akawaita babu zake. Matumbo akayafuta, ati yanatisha wageni. Badala yake zikaja katlesi za samaki mkavu, zimegandishwa kiwandani na kujazwa jibini, na divai ya boksi iliyomiminwa kwenye mitungi ya udongo ili ionekane ya kale.

Felismina mwenyewe alifungwa kitambaa cheusi kichwani, akaketishwa dirishani achambue maharage. Yaleyale kila siku, hayakupikwa kamwe.

"Mama, usiinuke," Valdemar alimwambia. "Wageni wanapenda kukuona."

"Wanione nafanya nini? Mafuta yako yananuka hadi huku."

"Chambua tu. Na utabasamu kidogo."

"Tabasamu wewe, ndiwe unayekula hela zao."

Siku moja mama mmoja mgeni, mpole kabisa, aliyejifunza Kireno chake kitabuni, akamwinamia na sahani ya katlesi. "Bibi, umepika wewe?"

Felismina akaivunja katlesi. Jibini likavutika kama gundi. "Hii haijapikwa, mwanangu. Imeyeyushwa."

Valdemar akadakia kwa Kiingereza, akicheka, kwamba Bibi anasema ameipika kwa mapenzi yote. Felismina hakujua Kiingereza, ila alimjua mkwewe. Akafungua kitambaa, akakiweka juu ya katlesi, akapita katikati ya meza akishikilia viti vya watu mpaka nje. Hakuna aliyempisha, walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Wiki ile ile alipanda hadi kituo cha wazima moto, akaomba sufuria. Sasa kila Alhamisi anakaa juu ya kigoda akiwafokea wanaume wenye misuli waoshe matumbo upya, nasi majirani tunakwenda kula huko.

Valdemar hakupata hasara hata kidogo, maana ujinga una wateja wengi. Ameajiri bibi mwingine, mstaafu aliyekuwa akikata tiketi za sinema, ambaye mwenyewe anakiri hajawahi kupika zaidi ya yai. Anatabasamu vizuri sana. Wageni wanamsifu kwa mapishi yake, na juzi nilimwona mmoja akimbusu mkono.