Mjane wa Nettlecote na Kondoo Mweusi

Kila alfajiri, kabla hajakoka moto, Thomasin Yandle alikwenda zizini kumtukana ng'ombe wake.

"Amka, mzembe wewe. Unakula kama farasi, unatoa maziwa kama paka."

Ng'ombe alimtazama tu, akitafuna. Yule mzuri, mwekundu mwenye kiwele kama kapu, alichukuliwa siku Roger, mumewe, alipozikwa. Ndivyo mambo yalivyokuwa Nettlecote: mpangaji akifa, bwana mwenye ardhi huchukua mnyama aliye bora kuliko wote. Waliita heriot. Watoto walilijua neno hilo kabla hawajajua kusali.

Neno la pili lilikuwa la Thomasin mwenyewe: freebench. Alivyolielewa yeye, mjane hubaki na nyumba na shamba la mumewe hadi kufa, mradi asiolewe. Alilishika neno hilo kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Kwa hiyo wakati wa mavuno, Jellis Coombe, mwezekaji wa mapaa, alipomwambia waende kwa kasisi, alimcheka.

"Nikishaolewa nilale wapi? Juu ya ngazi yako?"

"Ngazi yangu imara."

"Na shamba je?"

Jellis akajikuna kichwa. Kwa kasisi hawakwenda. Ila mlango wa nyuma Thomasin hakuutia komeo, na baridi ile yote Jellis akawa anaingia jioni na kutoka kabla watu hawajaamka. Walijiona werevu. Lakini kijiji nacho kina macho, na macho ya shemeji hayalali.

Baraza la bwana mwenye ardhi lilikaa baada ya Pasaka, ndani ya kanisa, maana hakukuwa na nyumba nyingine ya kuwatosha. Msimamizi wa bwana, Pennifold, alitoka mjini akiwa na mafua, pua nyekundu kama nyanya mbivu. Mbele yake waliketi wapangaji walioapishwa, majirani watupu: msaga nafaka, mhunzi, na Hob Trussell, mzee nusu kiziwi aliyekuwa akitafuna kitunguu. Desturi za kale zilikaa kichwani mwa Hob. Asipozisema kwa mdomo wake, baraza halikuamua.

Amyas Yandle, ndugu wa marehemu, akasimama. Shamba likimtoka mjane, lingekwenda kwake.

"Namshitaki shemeji yangu. Freebench yake imekwisha."

"Sijaolewa," Thomasin akasema. "Kasisi huyo hapo, muulizeni."

"Habari za kasisi nani kauliza, shemeji? Sisi tunauliza habari za kitanda."

"Maskini ngazi ya Coombe!" mhunzi akadakia. "Imechakaa kwa kupanda paa moja tu!"

Kicheko kikapasuka. Jellis, aliyesimama nyuma karibu na mlango, akainamisha kichwa. Pennifold akagonga meza.

"Mzee Trussell, neno hili kwenu lina maana gani?"

"Ati?"

"Freebench, mzee! Freebench!"

Hob akameza kilichokuwa mdomoni. Kanisa likatulia hata njiwa wa darini wakasikika. Thomasin aliukodolea macho mdomo wa yule mzee, mikono imeganda ndani ya shali.

"Mjane hukaa," Hob akaanza polepole, "maadamu yuko peke yake..."

Thomasin akashusha pumzi.

"...na ni safi. Peke yake na safi, yote mawili. Baba aliniambia hivyo, naye aliambiwa na babake. Akimjua mwanamume, iwe kwa ndoa au bila ndoa, shamba limekwenda."

Kumbe baridi yote ile Thomasin alikuwa ameshika nusu ya neno! Angeolewa, angepoteza shamba akapata mume. Sasa kwa kukwepa ndoa alikuwa anapoteza shamba na kupata fedheha.

"Dawa ipo," Hob akaendelea. "Apande kondoo dume mweusi, uso aelekeze mkiani, aingie barazani akiungama kwa maneno ya zamani, yale ya aibu. Hapo bwana humrudishia kila kitu."

Mara kondoo akalia nje ya mlango. Walikuwa wamekwisha kumleta! Wanawake waliomshikilia kamba walikuwa wakicheka huku wamejiziba midomo.

Pennifold akapenga kamasi. Yeye hakupenda mchezo ule. "Bibi Yandle, kuna njia nyingine. Uape kwamba Coombe aliingia kwa nguvu. Aliyeshurutishwa hana kosa."

Hakuna aliyecheka. Kila mtu pale alijua kwamba kiapo kama kile kilikuwa kamba shingoni mwa Jellis.

Thomasin akageuka kumtazama. Jellis alikuwa mweupe kama chokaa. Akasema, "Panda, Thomasin. Ni mwendo mfupi tu, kicheko hakiui mtu. Shamba ni shamba."

Thomasin akamtazama kama mtu anayetazama uso wa mgeni ili aukumbuke.

"Hakuingia kwa nguvu," akawaambia wazee wa baraza, neno kwa neno. "Mlango niliuacha wazi mimi, kwa mkono wangu huu. Andikeni hivyo."

"Basi, panda!" Amyas akafoka. "Panda tukuone!"

Thomasin akajifunga shali, akatembea katikati ya kanisa kuelekea mlangoni. Watu wakampisha wakichekelea, wengine wakasimama juu ya viti wapate kuona vizuri. Alipompita Jellis, hakumgusa. Wanawake wa nje wakamnyooshea kamba. Akapita kando ya kondoo kama anavyopita mtu kando ya kisiki.

Ndani walingoja. Pennifold akatengeneza uso wake uwe mkali. Mhunzi alikuwa ameanza kupiga mbinja ya harusi pale mwanamke mmoja alipoingia mbio, kamba bado mkononi.

"Mbona mnakaa? Mjane kashavuka daraja la kutokea kijijini."

"Kaenda kuchukua nini?" Jellis akauliza.

Wakangoja tena, mpaka kondoo akachoka kulia, wala Thomasin Yandle hakurudi.