Vidole vya Dobi

Mtu anayeweza kunyoosha kola ya shati mpaka ikasimama peke yake kama askari wa gwaride, huyo ana elimu ambayo nyinyi wenye vyeti hamkuipata, na msibishane nami. Dobi alikuwa nayo. Darasani aliishia la sita, akatoka na kusoma, kuandika na kovu la goti. Hata hivyo walimu wakuu, mahakimu na wazee wa kanisa walimpelekea suruali zao huku wakisema "tafadhali", neno ambalo wake zao hawakulisikia tangu siku ya harusi.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja. Mbele, meza ya kupigia pasi iliyovikwa blanketi kuukuu, na pasi mbili: ya umeme, na ya mkaa kwa siku ambazo umeme unafanya kiburi. Nyuma, nyaya tatu zilizotundikwa nguo za watu, kila moja na kikaratasi chake cha namba kilichobanwa kwa pini. Dobi alizijua zote bila kusoma namba. Angeweza kukuambia nani amenenepa, nani anakula kazini kwa siri na nani analia kwenye mkono wa shati.

Hayo yalikuwa ya Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili Dobi aliketi nyuma ya kinanda cha kanisa, akawa mtu mwingine kabisa, mfalme mwenye miguu mifupi. Hakufundishwa na mtu. Kwa miaka ishirini na sita alimfuata kila mwimbaji kokote alikopotelea na kumrudisha nyumbani salama. Na alikuwa na kazi nyingine pale kanisani, isiyoandikwa popote. Wenyewe waliiita kufunika.

Ilikuwa hivi. Kila Jumapili watu husimama mbele kushuhudia. Wengi hushuhudia vizuri: nilikuwa sina kazi, sasa ninayo; nilikuwa naumwa, sasa mzima. Lakini mara mojamoja mtu huteleza. Mama anaanza kumtaja jirani aliyemroga, na jirani mwenyewe yuko safu ya tatu na kofia yake. Mzee anaanza kusimulia dhambi za ujana kwa kirefu, na watoto wametega masikio kuliko siku zote. Hapo Katibu wa kanisa, aliyekaa mbele upande wa dirisha, huvua miwani. Basi. Hasemi kitu. Miwani ikivuliwa, kinanda kinaingia chini ya maneno, polepole, kisha pambio la furaha, ngoma inadakia, kanisa zima liko juu linapiga makofi, na msemaji anajikuta anaimba na wenzake. Hakuna aliyeaibishwa, hakuna aliyefukuzwa.

"Mimi nimeokoa ndoa kumi na moja kwa pambio moja," Dobi alikuwa akijigamba nyumbani.

"Na hii yako utaiokoa kwa wimbo gani?" mkewe alimuuliza, bila kuinua macho kwenye sufuria.

Huyo ndiye waliyemfanya mlezi wa vijana. Hakuipata nafasi kwa sifa, nisiwadanganye. Hakuna mwingine aliyeitaka. Vijana walikuwa wakipungua kama sabuni kwenye maji. Kati ya hamsini walibaki kumi na wanne, na kati ya hao, watatu walikuja kwa ajili ya wengine watatu. Mchungaji, mtu mpole, mwenye suti mbili ambazo Dobi alizijua kuliko mwenyewe, alimshika mkono akasema, "Dobi, wewe wanakupenda. Wakusanye tu."

Akawakusanya dukani kwake, Jumamosi alasiri, katikati ya nguo. Wakakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa na mafurushi. Akaweka sheria moja: hapa mtu akiulizwa hali yake, haruhusiwi kujibu kwa lugha ya kanisani. Aseme kitu kimoja cha kweli, hata kama kidogo kama kifungo.

"Hata mbele ya wazee?" mmoja akauliza, akionyesha kwa kidevu suti za wazee zilizoning'inia nyuma.

"Hao leo wamekuja bila vichwa," Dobi akasema. "Semeni."

Wakacheka mpaka machozi, halafu wakasema. Kijana anayeimba peke yake mbele, yule ambaye akina mama humtupia leso, alisema hapati usingizi bila kunywa pombe. Mkaribisha wageni wa mlangoni alisema hajaomba nje ya kanisa tangu mwaka jana. Dobi hakushtuka, au alishtuka kimoyomoyo. Akamimina chai, akasema, "Mungu haogopi ukweli. Angekuwa anauogopa asingetuumba na midomo." Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliona watu wakiomba bila kupayuka. Kufikia mwezi wa tatu walikuwa ishirini na wawili, na ndoo hazikutosha.

Jumamosi moja akasema Fundi Simu.

Huyu alikuwa binti wa miaka ishirini na tatu, anayetengeneza simu kwenye kibanda cha kioo karibu na kituo. Vidole vyembamba, maneno machache. Miaka miwili kabla, mama yake, mgonjwa wa sukari, alisimamishwa mbele ya kanisa na mhubiri mgeni, akaombewa, akatangazwa amepona. Mama akaweka dawa zake pale mbele, kanisa likalipuka kwa shangwe, na Dobi alipiga kinanda siku ile mpaka koti likaloa. Baada ya miezi mitano walimzika. Wakasema Bwana amemwita, dawa hakuna aliyezitaja. Binti akaendelea kuja kanisani, akikaa karibu na mlango.

"Kitu changu cha kweli ni hiki," akasema, akiangalia chini. "Mama hakuwa amepona. Na sasa Mama wa Kwaya ameacha vidonge vya presha. Aliniambia mwenyewe, anafurahi kabisa, eti amefuata imani ya mama yangu."

Dobi akaisimamisha pasi wima.

"Nimemwendea mara mbili, mjomba," akaendelea. "Ananiambia shetani ananitumia. Jumapili ya Vijana inakuja. Nataka kushuhudia. Simlaumu mtu. Nataka yule mama asikie kanisani, palepale alipoambiwa kinyume chake. Nje ya pale haamini."

"Basi ushuhudie."

"Na miwani?"

Wote wakamgeukia Dobi. Kumbe watoto walijua siku zote! Yeye alidhani ni siri yake na Katibu.

"Miwani ivuliwe, ivunjwe, iliwe," Dobi akasema kwa sauti ya kishujaa. "Nakuahidi mbele ya hawa wote. Kinanda hakitalia. Wewe sema mpaka umalize."

Ile Jumamosi alirudi nyumbani kifua mbele kama jogoo. Akamweleza mkewe. Mkewe akauliza, "Una hakika, baba watoto?"

"Mimi tena!"

Jumapili ikafika. Blauzi ya Fundi Simu alikuwa ameinyoosha Dobi mwenyewe, mikunjo imesimama kama wembe. Kanisa lilijaa. Mama wa Kwaya alikaa safu ya pili, mnene, mchangamfu, leso mkononi. Dobi alikuwa amewaza asubuhi achomoe waya wa kinanda ukutani, lakini ibada ilihitaji wimbo wa kufungulia, akajiambia hakuna haja. Mikono ni yake.

Binti akashika kipaza sauti. Akasalimu, wakamwitikia kwa nguvu.

"Mama yangu mnamkumbuka," akaanza. "Alikuwa akikaa pale. Siku aliyoombewa, dawa zake aliziweka hapa niliposimama. Mimi ndiye niliyembebea mfuko. Nilishangilia kama nyinyi. Sikuja kumlaumu mtu. Nilimpenda Mungu siku ile, na bado nampenda. Lakini mama hakuwa amepona. Alikuwa akiniambia usiku anaona giza, na asubuhi ananikataza nisiseme, asije akaonekana hana imani. Na kama kuna mtu hapa ame..."

Katibu akavua miwani.

Dobi aliiona. Akasema moyoni, waziwazi, neno kwa neno: sipigi. Alikuwa bado analisema alipoisikia noti ya kwanza. Ilikuwa noti nzuri, nasema kweli, laini kama pamba, imeingia palepale kwenye kimo cha sauti ya binti, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita vidole vile vilijifunza kuitafuta sauti ya mtu na kulala chini yake. Kisha ya pili. Akavitazama kama vya mtu mwingine. Ngoma ikadakia. Kanisa likasimama. Mama wa Kwaya akatoka mbele akicheza, leso juu, uso unang'aa, akamkumbatia yule binti na kumzungusha.

Midomo ya binti iliendelea kutembea kidogo, sauti haikusikika. Hakumwangalia Katibu wala Mchungaji. Alimwangalia Dobi. Halafu akazima kipaza sauti, kama fundi anavyozima kitu kabla ya kukiweka, akakilaza juu ya kiti taratibu, akatoka kwa mlango wa pembeni. Pambio liliendelea dakika sita.

Baada ya ibada Mchungaji alimshika Dobi mikono yote miwili. "Mungu akubariki. Yule binti ana uchungu mwingi, angejiumiza. Umemfunika vizuri." Alisema kwa upole, na machozi yalikuwa kwenye macho yake, na hicho ndicho kilichomwondolea Dobi hata nafasi ya kukasirika.

Nyumbani mkewe alimwekea chakula, akasubiri utani wake. Haukuja, na mkewe naye hakuwa na utani wa kumrudishia. Wakala kama wageni.

Jumamosi iliyofuata walikuja watatu. Mkaribisha wageni alikaa juu ya ndoo, akaulizwa hali. "Namshukuru Mungu, nimebarikiwa," akajibu, na hakuwa anafanya mzaha. Dobi hakuweza kumkumbusha sheria. Angeanzia wapi? Wakanywa chai, wakaomba kwa sauti kubwa, wakaondoka mapema. Jumamosi baada ya hiyo hakuja mtu. Mwimbaji yule, nilisikia, hata kanisani alikoma.

Wiki mbili Dobi alijikaza kisabuni. Ya tatu akaenda kituoni. Fundi Simu alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo, taa ndogo juu yake.

"Mjomba, shikamoo. Simu imekufa nini?"

"Marahaba. Simu nzima. Nimekuja..."

"Kama nzima, sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Akasogea. Akakunja kofia mkononi. "Sikukusudia, mwanangu. Vidole vilikwenda vyenyewe."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuona uso. Ulishangaa kuliko mimi." Akapuliza vumbi kwenye ile simu. "Nilikusamehe jioni ileile. Lakini kurudi, sirudi. Na wenzangu sikuwakataza, mjomba. Walikatazika wenyewe. Waliona kwamba kama wewe, uliyetuambia tuseme, unaweza kufanya vile bila kutaka, basi wao watafanywa nini na wanaotaka."

Dobi alitafuta jibu, na mimi niliyezoea kuwa na jibu la kila kitu nimemtafutia tangu wakati huo, sijalipata.

"Ungesema unaogopa," akaongeza, bila ukali. "Ilikuwa Jumamosi, tulikuwa tunasema kweli. Ningetafuta njia nyingine. Sasa nenda kwa Mama wa Kwaya. Mimi hanifungulii mlango. Miguu yake imeanza kuvimba."

Akaenda moja kwa moja, hata duka hakulifungua. Mama wa Kwaya aliishi katika chumba kimoja cha uani: kitanda, kabati, joho la kwaya limetundikwa msumarini. Alikuwa kwenye kiti, pumzi fupi, viatu vimekatwa nyuma ili miguu iingie. Alimpokea kwa furaha.

"Dobi! Mpiga kinanda wangu! Karibu, karibu."

Akakaa kitandani. Safari hii alisema, na mikono aliikalia. Akasema yote: kwamba yule binti alisema kweli, kwamba mama yake alikufa kwa kuacha dawa, kwamba Mungu anayeponya hakumwambia mtu atupe vidonge, kwamba pambio la siku ile halikuwa la Mungu, lilikuwa la Katibu na woga wake yeye Dobi. Alisema vibaya, kwa kurudiarudia, jasho linamtoka. "Dada yangu, nakusihi. Dawa ziko wapi? Nikuletee maji unywe sasa hivi."

Mama wa Kwaya alimsikiliza mpaka mwisho, akitabasamu kama anayemsikiliza mtoto.

"Wamekufikia na wewe," akasema. "Pole, kaka yangu. Siku ile mimi mwenyewe nilianza kuyumba, nakwambia ukweli. Yule binti alipokuwa anasema, moyo ulinidunda, nikawaza, labda nirudie vidonge, labda nimekosea. Nikaomba palepale: Bwana, nipe ishara. Na papo hapo ukaingia wewe. Hata sauti yake hukuiachia nafasi! Mtu hapigi vile kwa akili yake." Akamgusa mkono. "Usiache watu wakunyang'anye ulichopewa."

"Nilikuwa mimi tu," Dobi akasema. "Mama, nilikuwa mimi."

"Ndiyo maana naamini," akajibu. "Ningekuwa simjui mpigaji, ningetia shaka."

Halafu akafumba macho, akaanza kuliimba lile pambio kwa sauti ya chini, akipumzika kila baada ya maneno mawili matatu kuvuta pumzi. Dobi alikaa akimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamsaidia kuinua miguu na kuiweka juu ya stuli, maana peke yake hakuweza tena.