Kiti Alichokosa Mume Wangu Kapsoit

Naomba mfiche jina langu, maana huku kwetu tunajuana mpaka ng'ombe. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mjane. Nina watoto watatu na kashamba ka majani chai upande wa Sosiot. Naishi na mama yangu mzazi, ambaye alikuja kukaa na mimi baada ya mazishi ya mume wangu. Wasomaji, nina uchungu sijui niuweke wapi.

Mume wangu alikuwa dereva wa ambulensi. Hakuna siku alikataa kutoka, hata barabara ya Soin ikiwa matope matupu. Kitu wengi hawakujua ni kwamba alikuwa na ugonjwa wa sukari. Akishajidunga sindano ilikuwa lazima ale, la sivyo anaanza kutetemeka na kutoka jasho. Kazini alificha, akiogopa kutolewa kwa usukani. Na mama yangu ndiye hangeambiwa kabisa. Sisi Wakipsigis, mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana sana. Hawashikani mikono, hawakai meza moja kula. Sasa nani ataanza kumweleza habari ya mwili wa mkwe wake? Mume wangu alisema hiyo ni aibu, nami nikanyamaza.

Alizoea kula kwa hoteli ya Mama Njeri pale Kapsoit. Huyo mama alitoka Central zamani, si wa kabila letu, na chapati zake zinajulikana, lakini siku ya soko hupati pa kukaa. Mume wangu alimwomba mara nyingi awawekee watu wa ambulensi kiti kimoja tu, kwa sababu wao hawali wakati wanataka, wanakula wakati wagonjwa wamewapa nafasi. Mama Njeri akakataa. Alisema njaa haina cheo, aliyetangulia ndiye anakula, na akianza kuchagua watu wateja watamhama. Mimi nilimwambia mume wangu abebe chakula kutoka nyumbani. Alicheka tu, akasema ugali baridi ni wa wafungwa.

Mwaka jana, kabla hii mvua ya El Nino haijaanza, alijidunga asubuhi akaitwa kazini kabla hajaonja hata chai. Yaliyofuata nilisimuliwa na sista, yule nesi waliyekuwa naye garini. Walipofika Kapsoit ilikuwa soko. Mume wangu aliingia kwa Mama Njeri, akasimama mlangoni, mara akarudi mikono mitupu. Alisema pamejaa na mandazi zimeisha, atakula wakirudi, kwa sababu kulikuwa na mama wa kujifungua anangoja huko Soin. Hawakufika mbali. Alianza kujibu maneno yasiyoeleweka kama mlevi, na gari likaacha barabara. Sista alivunjika mkono. Mume wangu alifia hapo hapo. Yule mama alijifungulia nyumbani, na ashukuriwe Mungu, yeye na mtoto walipona.

Nilimchukia Mama Njeri, siwezi kuwadanganya. Kiti kimoja tu! Nilisema mbele ya watu kwamba ameua mume wangu kwa sababu ya wateja wa chai. Na mama yangu alikuwa upande wangu. Kila nikilia alinipangusa machozi na kuniambia huyo mwanamke ana roho ya jiwe, nimwachie Mungu.

Mwezi uliopita Mama Njeri alikuja kwangu na sukari na majani chai, kutoa pole ambayo alikuwa ameogopa kuleta. Aliniambia sasa ameweka kiti karibu na mlango, cha watu wa ambulensi na wa zima moto, na hakuna mtu mwingine anakikalia hata soko ikifurika. Wengine wananung'unika, anawaambia waende wakapike kwao. Nilikuwa naanza kulainika. Hapo ndipo mama yangu akaingia na birika, na Mama Njeri akamkazia macho.

"Kwani huyu ni mama yako?" akaniuliza. "Siku ile ya ajali, huyu ndiye alikuwa amekaa kwa meza, amekuja soko. Kiti kilibaki kimoja, mbele yake. Nilimwonyesha dereva hicho kiti, akainamisha kichwa, akatoka. Nilifikiri ananiringia."

Mama Njeri hangejua desturi yetu. Lakini mama yangu anaijua. Mgeni alipoondoka nilimwuliza kama alimwona mume wangu.

"Nilimwona," akasema. "Ningeinuka. Lakini chai yangu ilikuwa imeletwa tu, na magoti yalikuwa yananiuma. Nikasema wacha angoje nje, nimalize, nimpishe. Nani aliniambia ni mgonjwa?"

Wasomaji, ni kweli. Hakuna aliyemwambia. Lakini mwaka mzima alinisikia nikimlaani mwanamke mwingine, akakaa kimya, na juu ya hayo akanisaidia kulaani. Hiyo ndiyo inanikata maini. Kaka yangu wa Bomet anasema nimpelekee mama, asinifie mikononi na mimi nimekasirika. Mama mwenyewe hataki kwenda. Tangu siku hiyo hakai chini kula. Nikimpa sahani anasimama nayo, ameegemea ukuta wa jikoni, na magoti hayo yake, mpaka amalize. Nilimwambia akae. Alisema atakaa siku nitamwambia nimemsamehe.

Neno la kusamehe bado sina. Nikilisema sasa litakuwa la uongo, na mama yangu hadanganyiki. Nikimpeleka Bomet nitakuwa nimemfukuza. Na nikinyamaza, mzee wa watu ataendelea kusimama. Nyinyi mliopoteza mtu na bado mnampenda aliyehusika, mlifanyaje? Niambieni basi, kwa sababu uji wake uko motoni na saa hii ameshasimama anangoja.